Mwaliko wa Nyumba Sabini na Mbili

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja ya miaka ya hamsini, pale Tanga, nilipotoka nyumbani asubuhi nikiwa na daftari mkononi na hakika moyoni kwamba mimi ndiye mwenye akili kuliko wanawake wote wa Ngamiani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Ilipofika alasiri nilikuwa nimeivunja arusi ya dada yangu.

Nitakusimulia polepole, maana najua una haraka, na haraka yako ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Umeniambia unataka kusomea mambo ya kompyuta. Si kuziunda wala kuziuza, bali ule upande wa kukaa na karatasi na kutafuta njia: hatua gani zifuatwe, na kwa mpangilio gani, ili kazi imalizike upesi na bila kosa. Hatua hizo ndizo tunazoziita algoriti. Nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote. Imenilisha, imenivisha, na imenipeleka nchi ambazo mama yangu hakuwahi hata kuzisikia. Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi hutarajia nitaje chuo kikubwa cha ng'ambo. Vyuo nilipita, sikatai. Lakini somo lenyewe nilifunzwa na mwanamke asiyejua herufi za shule, akiwa amelala kitandani na mguu uliovimba.

Zamani zile hatukuwa na kadi za arusi. Mtu alialikwa kwa mdomo, mlangoni kwake, na mjumbe aliyetumwa kwa kazi hiyo. Mtaani kwetu mjumbe alikuwa Bi Mwanahamisi, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, ambaye alikuwa akialika arusi tangu kabla sijazaliwa. Mimi nilimjua kwa jambo moja tu: njia yake ilikuwa ya kichaa. Ngamiani imepangwa barabara kwa barabara, ya kwanza mpaka ya ishirini na moja, zimenyooka kama mistari ya daftari. Mtu akitaka kuizunguka hana haja ya kuumiza kichwa. Lakini Bi Mwanahamisi ataanzia barabara ya kumi na tano, mara umwone ametokea ya nne, halafu huyo, ya kumi na moja, halafu anarudi tena ya nne, nyumba ya tatu kutoka ile aliyopita asubuhi! Alikuwa akimaliza siku mbili nzima, jasho linamtiririka ndani ya buibui. Sisi wasichana tulimcheka. Mimi nilimcheka zaidi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza katika hesabu darasani na nilikwisha kuanza kuamini kwamba hesabu ni mali yangu.

Sasa, dada yangu Zuhura alikuwa ameposwa na kijana mmoja mwalimu, mwenyeji wa Kigombe. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyekuwa walii, yaani ndiye atakayemwozesha. Na juu ya baba mdogo alikuwako shangazi, Bi Aziza, dada yao mkubwa, aliyewalea wadogo zake wote baada ya mama yao kufa. Baba mdogo alikuwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto sita, lakini nakuapia hakuweza hata kubadilisha fundi wa kanzu zake bila kumuuliza Bi Aziza. Ukimpata shangazi umempata baba mdogo, na ukimkosa shangazi umewakosa wote wawili.

Zilipobaki siku sita kufika arusi, Bi Mwanahamisi akateleza kisimani akaumia mguu. Mama akashika kichwa. Mimi nikajitokeza mwenyewe, sikungoja kuombwa. Nikasema, "Mama, nitakwenda mimi. Shule imefungwa, miguu ninayo, na nitamaliza kwa siku moja."

Mama hakuwa na nafasi ya kubishana. Akanituma kwa Bi Mwanahamisi nikachukue majina. Nikamkuta kitandani, mguu umefungwa majani na kitambaa. Akafumba macho akaanza kuyataja moja moja, taratibu, akisimama hapa na pale kama mtu anayetembea. Nikaandika majina sabini na mawili. Mwisho akaniambia, "Andika kama nilivyosema, uwaite kama nilivyosema." Nikaitikia, "Naam, bibi." Nilikuwa tayari nimeshaona kwamba jina la kwanza lilikuwa la mtu wa barabara ya kumi na nane na la tatu la mtu wa barabara ya nne, nikasema moyoni, maskini, hata kwa kulala kitandani anatembea ovyo.

Basi nilipofika nyumbani nikachukua karatasi ya miraba, nikachora Ngamiani yote. Nikaweka alama kwenye kila nyumba. Kisha nikachora njia: kupanda barabara ya kwanza, kushuka ya pili, kupanda ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho, bila kukanyaga mahali pamoja mara mbili. Nikayaandika majina upya kwa mpangilio huo, nikayapa nambari, na ile orodha ya kwanza nikaichana. Nakumbuka nilivyoichana vipande vidogo vidogo, kwa raha. Mpaka leo nikimwona mwanafunzi anafuta kazi ya mwenzake kabla ya kuielewa, mkono unanisisimka.

Msichana hakuachwa kuzunguka mji peke yake, hivyo nikafuatana na Eliwaza, binti wa jirani. Wao walikuwa Wakristo wa Kilutheri kutoka milima ya Usambara, baba yake alikuja kwenye mashamba ya mkonge kisha akahamia mjini. Eliwaza alikuwa mpole, mwenye macho makubwa yasiyopitwa na kitu. Alipoiona orodha yangu akauliza, "Shangazi yako wa ngapi hapa?"

"Atafikiwa tu. Yuko barabara ya kumi na nane."

"Kwetu mlimani tungeanzia kwa shangazi."

"Kwenu mlimani," nikamjibu, "hakuna barabara zilizonyooka."

Akajitanda kanga yake. Nilimwomba msamaha miaka mingi baadaye, akasema hakumbuki, lakini nadhani alikuwa akinihurumia.

Tukatoka. Mwanangu, ilikuwa raha! Hodi hapa, hodi pale. "Mama anawasalimu, anawaalika arusini kwa Zuhura, Alhamisi, baada ya sala ya alasiri." Ahsante, kunywa maji, haya, nyumba inayofuata. Miguu yangu haikurudi nyuma hata hatua moja. Mpaka adhuhuri tulikuwa tumekwisha kualika nusu ya mji, na nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia Bi Mwanahamisi ili asiumie sana akisikia nimefanya kwa siku moja kazi yake ya siku mbili.

Jambo nililolisahau ni kwamba nyumba za Ngamiani zina nyua kwa nyuma, ua huu umepakana na ua ule, na wanawake huongea juu ya viambaza vya makuti mchana kutwa. Miguu yangu ilikuwa na mwendo, lakini habari ina mwendo zaidi. Nilipokuwa barabara ya tano, habari ilikuwa imefika ya kumi na nane.

Shangazi Bi Aziza nilimkuta ameketi mkekani akishona kofia, sindano inaingia na kutoka bila yeye kuitazama. Nikamwamkia, "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaeni."

Nikakaa, nikasema maneno yangu ya mwaliko, nikayasema vizuri. Hakuinua macho.

"Na hilo daftari?"

"Ni orodha, shangazi. Nimeipanga mwenyewe."

"Mimi humo ni wa ngapi?"

Nikafungua. Eliwaza akanifinya ubavuni, sikuelewa. "Wa sitini na nne," nikajibu.

"Sitini na nne. Na mke wa Rajabu, yule aliyeolewa juzi tu?"

"Wa kumi na mbili."

"Na yule mama muuza vitumbua wa barabara ya tano?"

"Wa kumi na tisa, shangazi."

Nakiri mbele yako kwamba hata hapo nilikuwa nikifurahia jinsi nilivyokuwa nikiyapata majibu upesi. Ndipo shangazi alipokaza uzi, akaukata kwa meno, akaikunja ile kofia na kuiweka chini ya mto.

"Mwambie mama yako ahsante sana," akasema. "Arusi imeshapata watu kabla ya kufika kwangu. Mimi nitakaa hapa."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ningejua la kufanya, ningelia, ningemshika miguu. Lakini alisema kama mtu anayekataa chai. Tukatoka nje, na nyumba nane zilizobaki sikuziendea.

Nyumbani mama alikuwa akipepeta mchele. Nilipomweleza, ungo ulibaki umesimama mikononi mwake. Dada Zuhura alikuwa ndani, akatoka, akaniuliza jambo moja tu: "Na wewe ukamtajia nambari?" Nikasema ndiyo. Akarudi ndani akafunga mlango, nikamsikia akilia. Mwanangu, nimesikia vilio vingi tangu siku ile, lakini kile bado nakisikia.

Asubuhi ya Jumapili baba mdogo akaja mwenyewe. Alisimama barazani, hakutaka kuingia, na alionekana hana raha kabisa. Akamwambia mama, "Shemeji, sina ugomvi na wewe. Lakini dada akikaa nyumbani mimi siwezi kukaa kwenye ndoa. Nitamwozeshaje binti wa kaka yangu na aliyetulea amewekwa nyuma ya muuza vitumbua?" Na bila walii hakuna ndoa. Watu wa Kigombe wangefika Alhamisi, wangekuta upande wa baba wa bibi arusi haupo, wangeona wamekataliwa, wangegeuka na kurudi kwao. Mwalimu yule angeoa kwingine. Zuhura angebaki na sifa ya msichana aliyeachwa siku ya arusi, na hakuna hesabu ninayoijua ambayo ingeweza kumwondolea.

Nikaenda kwa Bi Mwanahamisi. Nilidhani atanipiga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nilikupa kazi gani?"

"Kualika watu, bibi."

"Uongo. Wewe umefanya kazi ya kutembea. Kazi ya kutembea umeifanya vizuri, sijaona mie mtu aliyetembea vizuri kama wewe. Lakini nani aliyekutuma kutembea?"

Nikaketi sakafuni, karibu na kitanda chake.

"Unafikiri mimi napenda kuchakaza miguu yangu?" akaendelea. "Unafikiri sijui kwamba barabara ya nne iko karibu na ya tano? Mwana we! Nimezaliwa hapa. Sikiliza. Kila mtu ana wa kumtangulia. Mdogo hamtangulii dada yake. Mkwe hamtangulii mavyaa wake. Jirani hawatangulii ndugu wa damu. Mimi nikisimama barabarani najiuliza: sasa hivi nani hana wa kumsubiri? Hao ndio niwezao kuwaita. Kati yao namwendea aliye karibu. Nikishamwita, wako wengine waliokuwa wakimsubiri yeye, sasa wamefunguliwa. Nasimama tena, najiuliza tena. Hivyo hivyo mpaka waishe."

Sikuwa na jina la jambo lile, wala sikujua kwamba watu wazima wenye miwani watakuja kuliandikia vitabu. Lakini nilijua kwamba mbele yangu palikuwa na kitu kilichokamilika. Yule mwanamke tuliyemcheka alikuwa akitatua swali gumu kuliko langu, kila arusi, kichwani mwake, huku akitembea. Ile orodha niliyoichana haikuwa ovyo. Ilikuwa ndilo jibu lenyewe, na mimi nililisoma kama makosa kwa kuwa sikujua swali. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto.

"Nifanye nini, bibi?"

"Ukawaalikue."

"Bibi?"

"Wote sitini na watatu. Mlango kwa mlango. Useme mwaliko ule haukuwa mwaliko, ulikuwa ujinga wako, na mwaliko bado unakuja. Mpaka mji mzima uwe haujaalikwa. Hapo ndipo utakuwa na mdomo wa kumwendea shangazi yako. Na usimtume mtu, wala usimchukue mama yako akufichie uso."

Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimefanya kazi ngumu. Jumapili mchana kutwa na Jumatatu mchana kutwa, mimi na Eliwaza, ambaye angeweza kabisa kukaa kwao lakini alikuja. Milango ile ile. "Naomba radhi, nilikuja kabla ya wakati. Mwaliko haujafika." Wengine walicheka mpaka wakajishika mbavu. "Msomi wetu leo anakusanya maneno yake!" Mke wa Rajabu alinuna, akasema aliyekwisha kualikwa haalikuliwi. Muuza vitumbua, Mungu amrehemu, alinikalisha akanipa vitumbua viwili vya moto akasema, "Mimi mwenyewe nilishangaa, mwanangu. Nikajiuliza, tangu lini mimi ni wa mbele?"

Kulikuwa na nyumba moja barabara ya tisa ambayo mwenye nyumba alikuwa bado kwenye eda ya mumewe. Jumamosi nilikuwa nimesimama mlangoni pake nikamtangazia arusi kwa sauti ya furaha kama nilivyowatangazia wengine, kwa kuwa ramani yangu haikuonyesha nani amefiwa. Safari hii niliingia, nikakaa naye chini, sikusema habari ya arusi kabisa. Akanishika mkono. Nilitoka pale nikilia, na Eliwaza akanipa ncha ya kanga yake nijifute.

Jumatatu jioni, jua halijatua, nikarudi kwa Bi Mwanahamisi na karatasi mpya. Nikamwomba anitajie tena majina, na safari hii, kila jina, anitajie nani wa kulitangulia na kwa nini. Nikachora nyumba, na kati ya nyumba nikachora mishale. Na hapa, mwanangu, fungua masikio, kwa sababu sitaki ufikiri kisa hiki ni cha msichana aliyenyenyekezwa akakoma kutumia kichwa. Nilipokuwa nikiitazama mishale ile nikaona kitu.

"Bibi," nikamwambia, "ukitoka kwa shangazi, aliye karibu na wewe ni Bi Rukia wa barabara ya kumi na sita. Ndiye unayemwendea siku zote?"

"Ndiye."

"Lakini Bi Rukia hafungui mtu yeyote. Ukimwacha kwanza, ukashuka moja kwa moja mpaka barabara ya nne kwa mama mkubwa, unawafungua watu tisa wa huko chini, wote. Unawamaliza kwa safari moja, kisha unapanda na kumpata Bi Rukia ukiwa njiani. Njia yako inakushusha barabara ya nne mara tatu. Hii inakushusha mara moja."

Alifumba macho. Nilimwona akitembea kichwani, vidole vikicheza juu ya shuka. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akafika mahali akarudi, akaanza tena. Kisha akafumbua macho akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Miaka yote hii!" akasema. "Miguu yangu, jamani! Na hakuna aliyeniambia." Akaanza kucheka, akacheka hadi mguu ukamuuma akanitukana. Sijawahi kupata sifa nzuri kuliko tusi lile.

Jumanne asubuhi nikaenda barabara ya kumi na nane. Usiku kucha sikuwa nimelala kwa woga. Shangazi alikuwa barazani, amevaa buibui kama mtu anayetoka. Nikaamkia, akaitikia. Sikufungua daftari, sikuwa nalo.

"Shangazi," nikasema, "hakuna aliyealikwa. Mji mzima haujaalikwa. Nimekuja kuanza."

Alinitazama. "Nimesikia," akasema. "Tangu juzi nimesikia. Barabara nzima imesikia, mtoto wa kaka yangu anapita akijitukana mwenyewe mlango kwa mlango." Akalikaza buibui lake. "Kaka yangu hakuwahi kurudi kwenye mlango aliokosea. Hata mara moja. Alikufa na milango mitatu ambayo hakuwahi kuirudia, na mmoja ulikuwa wangu."

Sikuwahi kujua habari hiyo. Baba yangu, niliyemkumbuka kwa kicheko tu. Shangazi akajifuta macho kwa ncha ya buibui, akainuka.

"Haya, alika."

Nikasema maneno ya mwaliko. Akaitikia, "Nimepokea." Kisha akauliza, "Wa pili nani?"

"Mama mkubwa, barabara ya nne. Yeye ndiye anayewafungua wengine."

"Vyema. Twende."

"Twende, shangazi?"

"Unafikiri nimevaa buibui nikae barazani? Mke wa Rajabu anasema aliyekwisha kualikwa haalikuliwi. Nataka nimwone akiniambia mimi."

Akatembea na mimi, mwanangu. Mwanamke yule ambaye mji mzima ulikuwa ukimwendea yeye, alitembea na mimi Jumanne nzima na Jumatano mpaka adhuhuri, nyumba zote sabini na mbili, akisimama nyuma yangu kwa hatua moja, akiniacha mimi niseme. Mke wa Rajabu hakusema neno. Alhamisi baada ya alasiri baba mdogo alikaa mbele ya kadhi, akaushika mkono wa yule mwalimu wa Kigombe, akamwozesha. Vigelegele vilipopigwa Zuhura akatuma niitwe ndani. Akaniambia, "Njoo hapa, we wa hesabu," akanivuta nikae karibu naye, na hina yake ikanichafua nguo mpya. Wamekaa pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Mimi nikaendelea na masomo, nikaenda mbali. Mwalimu mmoja wa ng'ambo alipotuandikia ubaoni swali la kazi nyingi, baadhi haziwezi kuanza kabla ya nyingine kwisha, tuzipange, wenzangu waliona ni jambo jipya. Mimi nikamwona Bi Mwanahamisi amesimama barabarani anajiuliza nani hana wa kumsubiri. Nilinyanyua mkono nikajibu kabla chaki haijatua. Waliniuliza nimesoma wapi. Niliona taabu kueleza.

Lakini kualika si kitu mbele ya kualikua. Nilipokuwa nimeshapata jina, nikatoa makala yenye uthibitisho niliojivunia, watu wakajenga kazi zao juu yake. Baada ya mwaka na ushei, nikiwa naosha vyombo, nikaliona kosa lake. Hakuna mwingine aliyekuwa ameliona. Ningeweza kunyamaza, na mwanangu, nilitamani kunyamaza, nisikudanganye. Nilikaa siku mbili. Kisha nikaandika barua kwa kila mmoja niliyejua ameutumia, mmoja mmoja, nikisema: nilikosea, uacheni, na kosa liko mstari huu. Wako waliocheka. Mmoja aliniandikia kwamba kazi yake ya miaka miwili nimeiokoa. Tangu hapo nikisema jambo ni kweli, watu hawakuniomba kiapo.

Basi haya ndiyo ninayokuambia. Ukipewa swali, usianze kwa kutafuta njia fupi. Anza kwa kumwuliza mwenye swali anataka nini, na umwulize tena, maana mambo yaliyo muhimu kuliko yote watu huwa hawayasemi, kwa kuwa kwao yako wazi kama mchana. Ukiona kazi ya mtu wa kale inaenda mzunguko, usiicheke wala usiichane. Ikae mbele yako mpaka uijue kila kona yake imewekwa kwa nini. Ukishaijua, na ukaona wewe unaweza kuipita, ipite, tena bila woga, useme kwa sauti: hapa pana njia bora. Akili yako hukupewa uifunike kwa adabu. Na utakapokosea, kwa sababu utakosea, rudi mwenyewe. Usimtume mtu. Nenda kwenye kila mlango ulioupelekea kosa lako, mpaka kosa liwe halipo, ndipo uanze tena.

Nenda kasome, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe kichwa chepesi na moyo usioona haya kurudi. Akupe walimu watakaokuuliza ulitumwa kufanya nini, na rafiki atakayekufuata siku ya aibu ingawa ulimdharau siku ya fahari. Na siku utakapofika mlangoni kwa uliyemkosea, umkute amekwisha kuvaa, anakungoja mwende pamoja. Amina.